Jehanamu Moja kwa Taifa Zima

Nchi hii ipo, msomaji, ila usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zake zote ziko kwa mchapaji zikisubiri sahihi. Ina mlima, ina mto, ina wananchi wapole wanaojua kusimama kwenye foleni, na ina kiongozi anayeitwa Mtukufu Mlezi, ambaye hajawahi kushindwa uchaguzi wala mchezo wa bao. Mambo yake mengi ni mazuri mno, na haya ninayoyasimulia nayasimulia kwa nia njema kabisa.

Jambo lenyewe lilianzia misibani. Wiki moja walifariki wakubwa watatu mfululizo, na Mtukufu Mlezi akahudhuria maziko yote matatu. Kwenye msiba wa kwanza alimsikia sheikh akionya juu ya moto wenye milango saba. Kwenye wa pili alimsikia mchungaji akionya juu ya ziwa la moto na kusaga meno. Wa tatu ulikuwa wa Mhindi mwenye kiwanda cha biskuti, na huko akaelezwa habari za mfalme wa mauti na karani wake, ambaye ameandika kila alilolifanya mtu tangu siku ya kuzaliwa. Mtukufu aliporudi Ikulu hakugusa chakula. Aliwaita mawaziri wake, akawauliza, "Sasa mimi nitakwenda ipi?"

Mmoja mwenye haraka akasema Mtukufu hawezi kwenda jehanamu, haiwezekani, wananchi hawatakubali.

"Nimeuliza ipi," Mtukufu akasema. "Sikuuliza kama nitakwenda."

Kesho yake ikaundwa Wizara ya Adhabu za Baadaye na Uoanishaji. Ikapewa ghorofa tatu, magari meusi, na kaulimbiu iliyopakwa rangi ukutani: MOTO MMOJA, TAIFA MOJA. Waziri wake, Mheshimiwa Daktari Kasimbazi Tundwa, alilihutubia taifa redioni kwa muda wa saa mbili na robo.

"Ndugu wananchi," alisema, "haiwezekani katika karne hii watu wa nchi moja, wanaoimba wimbo mmoja na kupanga foleni moja, wafe halafu waende kuungua mahali tofauti tofauti! Huu ni ubaguzi! Jirani yako anatokoswa, wewe unakaangwa, yule anagandishwa, umoja wetu uko wapi?"

Watu walipiga makofi majumbani mwao, kwa kuwa madirisha yalikuwa wazi.

*

Nikodemu Sengo alihamishiwa wizara hiyo kutoka Idara ya Vipimo, ambako kwa miaka ishirini na moja alikuwa akikagua mizani ya sokoni. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mwembamba, mwandishi wa herufi nzuri. Miezi saba kabla ya hapo alikuwa amefiwa na mkewe, Mwavita. Alirudi kazini siku ya nne baada ya maziko, akachonga penseli zake na kuendelea na mizani. Watu walimsifu. Walisema, "Yule bwana ana subira."

Subira haikuwepo. Mtu huwa na subira akiwa na jambo la kuvumilia, na Nikodemu hakuwa nalo. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, na yeye alikuwa ameukalia kwa miezi saba. Asubuhi alikunywa chai na mkate wa dukani, jioni alinunua chipsi kwenye karatasi. Jiko lake halikuwashwa. Alilala upande wake ule ule wa kitanda, na asubuhi alitandika pande zote mbili.

Katibu Mkuu wa wizara, Bi Editruda Mapande, ndiye aliyemsaili. Alimwekea mezani picha kumi na mbili zilizochorwa na watu wa dini na nchi mbalimbali: watu wakitumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka, watu wakisagwa kwa mawe, watu wakivutwa ndimi kwa koleo.

"Tazama vizuri, Ndugu Sengo. Unahisi nini?"

Nikodemu alitazama zote, moja baada ya nyingine.

"Hii ya nne wino umevuja pembeni," akasema.

Bi Editruda alifunga jalada. Kati ya waliosailiwa kabla yake, mmoja alitubu papo hapo na mwingine alitapika. "Tunahitaji watu makini kama wewe," alisema, na akampa cheo cha Afisa Uoanishaji Daraja la Pili.

*

Kazi ya kwanza ilikuwa kukusanya jehanamu zote zilizopo. Kila dini na kila jamii iliitwa kwenye ukumbi wa wizara kueleza ya kwake, mbele ya kamati, na Nikodemu aliandika.

Sheikh alieleza milango saba, na kila mlango na kundi lake, na mti wenye matunda machungu ambao ndio chakula cha huko.

"Milango saba ya kuingilia," alisema Waziri, "na ya kutokea ni mingapi?"

"Mheshimiwa," sheikh akajibu kwa upole, "hilo ukifika utauliza."

Mchungaji alieleza ziwa la moto, na funza wasiokufa. Barua mbili zilifika kabla hajamaliza. Idara ya Mazingira ilisema ziwa la namna hiyo halichimbwi bila tathmini ya athari kwa samaki. Idara ya Mifugo ilitaka kujua kama funza hao wamechanjwa.

Akaja Bwana Kantilal, mtoto wa yule marehemu wa biskuti. Alieleza kwamba jehanamu za kwao ni nyingi, kila kosa na mahali pake, lakini zote zina mwisho. Mtu akishamaliza adhabu yake hutoka, akazaliwa tena.

"Zina mwisho?" Waziri alishtuka. "Hapana, Bwana Kantilal. Serikali hii ikishaanza jambo haliishi."

Mchina aliyekuwa akisimamia ujenzi wa daraja, Injinia Liu, alisema kwamba bibi yake alimweleza habari za mahakama kumi chini ya ardhi, kila mahakama na hakimu wake, makarani wake na majalada yake. Marehemu hupita zote, na mwishoni hunyweshwa supu ya kumsahaulisha yote kabla ya kuzaliwa upya. Wajumbe walivutiwa sana na mpango huu, hasa supu. Ila Jaji Mkuu aliandika kwamba mahakama alizonazo kwa walio hai zimejaa hadi kwenye ngazi, na kwamba marehemu watalazimika kukaa mahabusu miaka thelathini ndipo kesi zao zitajwe.

Mtawa mmoja wa Kibuddha aliyekuwa safarini akasimulia jehanamu za baridi, ambako midomo hutetemeka mpaka isiweze kutamka neno. Shirika la Umeme lilijibu siku hiyo hiyo kwamba haliwezi kuahidi baridi ya milele wakati hata mabarafu ya sokoni yanayeyuka kwa mgawo.

Mwisho alisimama mtaalamu wa mambo ya kale. Alisoma habari za watu wa zamani mno, walioamini kwamba wafu wote, wema kwa wabaya, huketi gizani wakila vumbi. Mbunge mmoja wa pembezoni akanyoosha mkono, akauliza kama watu hao wa kale walikuwa wa wilaya yake.

Nikodemu aliandika yote. Alipokuwa akiandika aliona jambo, akaliweka pembeni mwa karatasi kwa penseli: watu wa jua kali huogopa moto na kiu, watu wa theluji huogopa baridi, watu wa ofisi nyingi huogopa ofisi. Kila watu wamepeleka huko kile kilichokuwa kikiwatesa hapa. Kisha akalifuta, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Kabla ukumbi haujafungwa, mama mmoja aliyekuwa akigawa chai aliuliza, "Samahani, waheshimiwa, na Pepo je?"

"Pepo iko chini ya wizara nyingine," Bi Editruda alimjibu, "ambayo haijapata jengo."

*

Lilibaki jedwali moja tu lenye nafasi tupu. Ni la Wasimbi, watu wa bonde la juu. Mbele ya jina lao afisa wa wilaya alikuwa ameandika: Hawana.

Waziri alipiga meza. "Kabila zima halina jehanamu? Sasa wanatishwa na nini? Nenda Sengo, mkeo alikuwa wa huko, hao ni wakwe zako. Usirudi bila jehanamu yao."

Nikodemu alikwenda kwa mama mkwe wake, Bi Sikudhani, ambaye hakuwa amemwona tangu siku ya maziko. Alimkuta jikoni, akikoroga uji kwenye sufuria kubwa kwa ajili ya watu waliokuja kumsaidia kuvuna maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umekonda." Alimsogezea kigoda. "Umekuja kwa heri?"

"Nimekuja kwa kazi, mama. Serikali inataka kujua jehanamu yenu."

Bi Sikudhani alicheka mpaka akapangusa macho kwa upindo wa kanga. "Jamani! Serikali imemaliza barabara?"

"Bado."

"Haya, andika. Sisi hatuna moto. Mtu akifa anakwenda, na kule anakokwenda anatembea. Anatembea vizuri tu, maadamu nyumbani kwake anatajwa. Asubuhi, anayesonga chakula cha kwanza cha siku anataja wafu wa nyumba ile. Jina moja, mzungusho mmoja wa mwiko. Jina moja, mzungusho mmoja. Akimaliza majina, chakula kimeiva."

"Asipotajwa?"

"Anasimama. Pale pale alipofika. Hapigwi, hachomwi, hasemi. Anasimama tu, hajui alikuwa anakwenda wapi, na hamjui aliye pembeni yake. Tena na yeye hana habari kama amesimama. Hiyo ndiyo mbaya yetu. Nyingine hatuijui."

Nikodemu aliandika: Kusimama. Akaandika: Kusahauliwa. Herufi zake zilikaa sawa kabisa.

Bi Sikudhani aliendelea kukoroga. "Mwavita alikuwa anawataja wafu wetu kwako kule mjini, na wa kwenu pia. Mama yako, baba yako, yule ndugu yako aliyezama. Aliniambia, mama, hawa wakwe zangu Wakristo hawatajwi na mtu, nimewachukua mimi."

Nikodemu hakujua hilo. Alikumbuka tu kwamba mkewe alikuwa na kawaida ya kunong'ona asubuhi jikoni, na yeye, akiwa anafunga kamba za viatu, alidhani anasali au anahesabu.

"Sasa wewe unamtaja?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Mimi asubuhi nakunywa chai na mkate, mama. Sipiki."

Mwiko ulisimama.

"Miezi tisa?"

"Miezi tisa."

"Mimi namtaja hapa," alisema taratibu, "lakini mimi ni mama yake tu. Kwetu mwanamke akishaolewa, jiko lake ni la kwa mumewe. Hapa kwangu ni mgeni, namtaja kama ninavyomtaja shangazi wa jirani. Anayemwendesha ni wewe, Nikodemu. Na hao wote aliokuwa anawataja nao ni wewe."

Alingoja aseme kitu. Nikodemu naye alijingoja. Alijua kwamba mtu mwingine hapo angelia, na alijipekua ndani kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo, asikute kitu.

"Sisikii chochote, mama," akasema. "Sikudanganyi. Tangu siku ile sisikii chochote."

Bi Sikudhani akamwekea uji kwenye bakuli, akamwambia anywe kabla haujapoa, na hakumwuliza tena.

*

Waziri aliisoma ripoti akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi, akainuka na kumkumbatia Nikodemu mbele ya wahudumu.

"Hii ndiyo!" alipiga kelele. "Haitaki kuni! Haitaki umeme, haitaki ziwa, haitaki mahakimu! Editruda, hebu fikiria. Kusahau watu! Jambo hili nchi hii tumelifanya miaka arobaini bila hata wizara!"

Baraza la Mawaziri liliipitisha kwa dakika kumi na moja. Mtukufu Mlezi aliuliza swali moja tu, kama sanamu zake zitahesabiwa kuwa ni kutajwa. Akaambiwa ndiyo, kila sanamu itahesabiwa, na hata stempu. Mtukufu akala chakula cha mchana vizuri, mara ya kwanza tangu ile misiba mitatu, na akaagiza sanamu nyingine sitini.

Dini zote ziliarifiwa kwa waraka kwamba jehanamu zao zimestaafishwa kwa heshima. Kuanzia tarehe ya tangazo, kila marehemu wa miaka kumi iliyopita ambaye familia yake haikupata cheti cha Kutajwa, cheti ambacho kilitolewa kwa waheshimiwa na wake zao, angeingizwa kwenye Jehanamu ya Taifa. Jina lake litafutwa kwenye daftari la vizazi, kwenye cheti cha ndoa na kwenye msalaba au jiwe la kaburi, na atakayelitamka baada ya hapo atakuwa ametenda kosa.

Nikodemu ndiye aliyepewa kazi ya kuandika mwongozo wa utaratibu. Aliuandika vizuri, maana alikuwa mtu wa vipimo. Jina lisifutwe kwa makosa. Kwa hiyo afisa atalisoma kwa sauti mara tatu. Kila mara atamwuliza ndugu wa karibu, "Unamjua mtu huyu?" Ndugu atajibu, "Simjui." Jibu la tatu likishaandikwa, jina limefungwa. Kifungu cha saba kilisema ndugu asimame wima, kifungu cha nane kilisema asivae kofia.

Bi Editruda alimwita ofisini kwake kabla ya uzinduzi. Alikuwa na jalada mkononi, jipya, la kijani.

"Waziri anataka mfano. Mtumishi wetu mwenyewe awe wa kwanza, wananchi waone hatuna upendeleo. Mkeo hakuwa na cheti cha Kutajwa."

"Hakuwa nacho."

"Tena ni Msimbi, ndio wenye jehanamu yao. Imekaa vizuri." Alishusha sauti, maana hakuwa mwanamke mbaya. "Ndugu Sengo, unaelewa? Ukishajibu mara ya tatu, kisheria hukuwahi kuoa. Picha zenu utazileta hapa. Ukikataa, basi mwongozo ni wako, sahihi ni yako, watasema umeuhujumu. Sitaweza kukusaidia."

Nikodemu alilitazama jalada. Mwavita binti Malamba. Jina lenyewe lilikuwa na herufi saba. Alizihesabu.

"Ni neno moja tu," akasema. "Nitasema mara tatu."

"Haikusumbui?"

"Hapana."

Bi Editruda alimwangalia kwa jicho ambalo hakulielewa, akamgongea muhuri ruhusa ya kuhudhuria.

*

Uzinduzi ulifanyika kwenye uwanja wa mpira, Jumamosi, saa nne asubuhi. Vipaza sauti vilifungwa kwenye nguzo zote, hadi barabarani na sokoni, ili kila mwananchi asikie anachotakiwa kusahau. Bendi ya polisi ilipiga wimbo wa taifa, ikapiga na wa wizara. Wanafunzi walicheza ngoma ya Kusimama, ambayo ndani yake hakuna anayecheza. Kwenye jukwaa kuu, kando ya Mtukufu Mlezi na waheshimiwa, aliketishwa Bi Sikudhani, amevalishwa utepe ulioandikwa MTAALAMU MSHAURI. Walimwambia anakuja kupokea zawadi. Upande wa magharibi wa uwanja walijazwa Wasimbi elfu mbili, walioletwa kwa malori wakiwa na bendera za karatasi, maana sherehe ilikuwa ya kwao kwa namna fulani.

Waziri alizungumza. Alisema jehanamu za zamani zilikuwa za kigeni, na kwamba hii ni ya kizalendo. Alisema nchi jirani zimeshaomba kuja kujifunza. Alisema wanaodai kusahauliwa kunauma wajitokeze wawataje waliosahauliwa walioleta malalamiko.

Kisha Nikodemu akapanda jukwaani, akasimama wima, bila kofia. Afisa msomaji, bwana mmoja mwenye sauti nzito aliyeazimwa kutoka redioni, akafungua jalada la kijani, karani akiwa mezani kando yake.

"Mwavita binti Malamba!" Sauti iligonga nguzo za uwanja, ikaenda barabarani, ikarudi kutoka sokoni. "Unamjua mtu huyu?"

"Simjui," alisema Nikodemu.

Karani aliandika. Na hapo, kutoka kiti cha Mtaalamu Mshauri, ikasikika sauti ndogo, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayejibu hodi.

"Yupo."

Waziri aligeuka. Bi Sikudhani alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja, kajishtua mwenyewe. Kumbe Nikodemu alipokuwa jikoni kwake alielezwa mtajaji anafanya nini, na hakuuliza anayesikia anajibu nini. Kwa Wasimbi, jina la marehemu likitajwa, aliye karibu huitikia. Humwitikia hata akiwa nusu usingizini, hata akiwa amekasirika na mtajaji, kwa sababu amelelewa hivyo tangu anabebwa mgongoni. Katika mwongozo wenye vifungu thelathini na viwili hapakuwa na kifungu hata kimoja juu ya anayesikia.

"Endelea," Waziri alimwambia msomaji akiuma meno.

"Mwavita binti Malamba! Unamjua mtu huyu?"

"Simjui."

"Yupo," wakasema Wasimbi elfu mbili.

Hawakupiga kelele. Walisema tu, kila mmoja kwa sauti yake ya nyumbani, bendera za karatasi zikiwa mapajani. Bendi, ikidhani ni ishara, ikapiga nusu ya wimbo wa wizara ikanyamaza. Mtukufu Mlezi, aliyekuwa amesinzia, aliamka akapiga makofi, kwa hiyo waheshimiwa wote wakapiga makofi, na Waziri naye hakuwa na la kufanya ila kupiga makofi.

Nikodemu alikuwa amesimama wima kama kifungu cha saba kilivyotaka. Kitu kilikuwa kinamchomachoma ndani, kama mguu uliokuwa na ganzi unapoanza kupata damu, na hakikuwa kizuri hata kidogo. Alitamani kikome. Aliangalia karatasi ya karani, aone jibu la pili limeandikwa wapi, na herufi zikamchezea.

"Mwavita binti Malamba!" Msomaji sasa alikuwa na haraka. "Unamjua mtu huyu?"

"Yupo," wakasema watu, na safari hii hawakuwa Wasimbi peke yao. Sauti nyingine ilitoka sokoni, nje ya uwanja, kwa watu wasiojua hata wanamwitikia nani.

Karani alingoja, kalamu hewani. Bi Editruda, mstari wa mbele, alimwonyesha kwa midomo: simjui, sema simjui, tumalize. Nikodemu alifungua mdomo. Alikuwa na nia kabisa ya kusema.

"Namjua," akasema.

Kipaza sauti kilikuwa karibu mno na mdomo wake. Neno likaenda mpaka sokoni.

"Jibu si hilo, Ndugu Sengo," karani alinong'ona. "Hakuna nafasi ya hilo kwenye fomu."

"Namjua. Ni mke wangu." Sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika, na aliisikia ikivunjika kwenye nguzo zote za uwanja. Ilimuuma. Yalimuuma yote ya miezi ile kwa pamoja, na akashika meza ya karani ili asianguke. "Alifia hospitali, kwenye benchi, Jumanne. Alikuwa amelaza kichwa kwenye mkoba wake. Alinituma nikapange foleni, nikapanga. Alinitazama kutoka pale, mimi nikamwonyesha kwa vidole."

Askari wawili walikuwa wanapanda ngazi za jukwaa, polepole, kwa kuwa hakuna aliyewaamuru kukimbia.

"Nilimwonyesha hivi," Nikodemu akasema, akainua vidole viwili. "Walikuwa wamebaki watu wawili mbele yangu."